Kuvuta nyumba ya tela: kwanza pima uzito wa shingo

Na Mwandishi Wetu

Mtu anaponunua gari hupenda kuuliza lina nguvu kiasi gani. Swali hilo si baya, lakini siku atakapotaka kufunga tela nyuma ya gari lake halitamtosha. Injini za siku hizi zina nguvu nyingi. Zaweza kuliondoa tela kubwa mahali liliposimama kama mtoto avutavyo gari lake la makopo. Taabu haimo katika kuondoka. Taabu imo katika kulibeba tela, kulielekeza na kulisimamisha. Mambo hayo matatu hutegemea sana kitu ambacho wasafiri wengi hawakitazami mara mbili, nacho ni kiungio kinachoshikamanisha gari na tela.

Makala haya yanakihusu kiungio hicho, hasa kinachotumika kuvutia nyumba ya tela. Kwa msomaji asiyeifahamu, nyumba ya tela ni nyumba ndogo iliyojengwa juu ya magurudumu, yenye vitanda, jiko, meza, tangi la maji na mara nyingi choo, lakini isiyo na injini. Waingereza huiita karavani. Huko Marekani na Kanada ni chombo cha kawaida cha likizo: familia huifunga nyuma ya gari, ikaenda nayo milimani, ziwani au jangwani, na jioni ikalala ndani yake. Nyingi katika nyumba hizo hutengenezwa katika mji wa Elkhart na vitongoji vyake, katika jimbo la Indiana.

Bara letu nalo limewahi kuziona. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa nyumba za tela 41, zote za bati jeupe ling'aalo, kutoka Cape Town. Msafara huo ulipanda bara kwa njia za vumbi na matope, ukafika Ethiopia, na mwisho ukapiga kambi Misri karibu na mapiramidi. Leo kiko kiungo kingine kati yetu na nyumba hizo. Familia nyingi zenye kusema Kiswahili, zikiwa zimetoka Kongo, Kenya, Tanzania na kwingineko, zinaishi Marekani na Kanada, na watoto wao wanakua wakizijua likizo za namna hiyo. Huenda msomaji ana ndugu huko, au yeye mwenyewe yuko huko. Basi na tulizungumze jambo hili kwa makini, kwa kuwa kosa lake hulipwa na watu wote walio garini, na aghalabu na watu wa gari linalokuja upande wa pili.

SOMO LA MKOKOTENI

Kanuni kuu ya kuvuta tela haihitaji kitabu. Mvuta mkokoteni wa Kariakoo anaijua. Mtazame anapopanga magunia. Akiyarundika yote nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni hunyanyuka juu, naye hubaki akining'inia huku miguu ikitafuta ardhi. Akiyarundika yote mbele, mikono humlemea na mgongo humpinda kabla hajafika njia panda. Kwa hiyo mzigo mwingi huupanga juu ya ekseli, halafu husogeza sehemu ndogo mbele, ili mikono ya mkokoteni imlalie kiganjani kwa uzito wa wastani. Uzito huo mdogo wa mbele ndio unaomwezesha kuuongoza mkokoteni wake kati ya watu.

Nahodha wa jahazi naye hupanga shehena na farumi kwa kufikiri omo na tezi, maana chombo kilichoelemewa upande mmoja hakisikii usukani.

Tela liko vivyo hivyo. Sehemu yake ya mbele, ile inayojinyoosha hadi kwenye gari, tutaiita shingo. Uzito unaolala kwenye gari kupitia shingo hiyo ndio uzito wa shingo. Kwa nyumba ya tela ya kawaida ya Marekani, uzito wa shingo hupasa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela likiwa limekwisha kupakiwa. Tela la kilo 2,000 litailaza kilo 200 hadi 300 juu ya kiungio. Huko Ulaya, ambako matela ni mepesi na mwendo unaoruhusiwa ni mdogo zaidi, asilimia yao ni ndogo kuliko hiyo. Ndiyo sababu haifai kuchukua kanuni ya upande mmoja wa bahari na kuitumia upande wa pili bila kufikiri.

Uzito wa shingo ukipungua mno, tela huanza kutikisa mkia kushoto na kulia, na likipata mwendo wa kutosha huweza kuliburuta gari zima nje ya barabara. Ukizidi mno, hulemea nyuma ya gari. Kwa hiyo hapana mtu awezaye kuchagua kiungio sawasawa kabla ya kuijua tarakimu hiyo moja. Mengine yote hufuata nyuma yake.

HESABU YA MLANGONI

Sasa tuje kwenye jambo linalowaponza watu wengi. Tangazo la biashara husema kwamba gari fulani laweza kuvuta kilo 3,500. Baba mwenye nyumba hutazama nyumba ya tela yenye uzito wa kilo 2,600, akatabasamu, maana amebakiwa na ziada ya karibu tani moja. Muuzaji naye humwambia kwamba gari lake halitahisi hata kama kuna kitu nyuma.

Lakini gari halivuti tu. Linabeba pia. Katika magari yanayouzwa Marekani, ukifungua mlango wa dereva utaona kibandiko kinachotaja uzito wa watu na mizigo usiopasa kuzidishwa. Tuseme kibandiko hicho kinasema kilo 680. Haya, tufanye hesabu pamoja.

Baba, mama na watoto watatu: kilo 330. Mabegi, sanduku la barafu na baiskeli za watoto: kilo 90. Kichwa cha kiungio na vyuma vyake: kilo 45. Uzito wa shingo ya tela, tukichukua asilimia 13 ya kilo 2,600: kilo 338. Jumla ni kilo 803. Gari ambalo tangazo linasema lina ziada ya karibu tani moja limekwisha kuzidiwa kwa kilo 123, na bado halijatoka uani!

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Mara nyingi gari hushindwa kubeba kabla ya kushindwa kuvuta. Injini itanguruma na safari itaendelea, lakini springi za nyuma zitakuwa zimelala, matairi ya nyuma yatakuwa yanapata moto, na breki zitakuwa zinafanya kazi ambayo hazikuundiwa. Hakuna taa itakayowaka mbele ya dereva kumwambia kwamba hesabu ya mlangoni imemshinda.

Iko hadhari nyingine. Uzito unaotajwa na muuzaji wa nyumba ya tela mara nyingi ni uzito mkavu, yaani kabla ya maji, mitungi ya gesi, vyombo, vyakula, nguo na matandiko. Maji peke yake ni mzigo mkubwa: lita moja ni kilo moja, na tangi la lita 150 likijaa ni sawa na kubeba watu wazima wawili. Tena tangi likiwa nyuma ya ekseli, kulijaza hupunguza uzito wa shingo. Likiwa mbele, huuongeza. Kwa hiyo usifanye hesabu kwa uzito mkavu. Tumia uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao cha tela lenyewe, kwa sababu huko ndiko utakakokaribia siku ya safari.

KINACHOTOKEA MAGURUDUMU YA MBELE

Huenda msomaji akauliza: ikiwa uzito wa shingo umo ndani ya uwezo wa gari, basi wasiwasi wa nini tena? Wasiwasi ni kwamba tufe la kiungio haliko katikati ya gari. Liko nyuma kabisa, mbali na ekseli ya nyuma. Kila kilo inayokandamiza hapo hufanya kazi kama mtoto mnene aliyekaa kwenye ncha ya pembea ya ubao: upande wake hushuka na upande wa pili hupanda.

Chukua gari ambalo umbali kati ya ekseli zake mbili ni meta 3, na tufe liko meta 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukiweka kilo 300 juu ya tufe hilo, ekseli ya mbele hupungukiwa kilo 120, na ekseli ya nyuma huongezewa si kilo 300 bali kilo 420. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoelekeza gari, na ndiyo yenye sehemu kubwa ya kazi ya kufunga breki. Yakipunguziwa uzito, usukani huwa mwepesi kwa namna isiyopendeza, gari huchelewa kuitika katika kona, na usiku taa humulika majani ya miti na macho ya madereva wanaokuja, badala ya kumulika barabara.

Ndipo ulipobuniwa ufundi wa kiungio cha kugawa uzito. Kiungio hiki kina vyuma viwili virefu vyenye tabia ya springi. Vinaanzia kwenye kichwa cha kiungio na kwenda nyuma chini ya shingo ya tela, mmoja kila upande. Vikishakazwa, hujaribu kukiinua kichwa cha kiungio kama mtu anayeinua toroli kwa mikono yake miwili. Kwa nguvu hiyo, sehemu ya uzito uliokuwa umeilemea ekseli ya nyuma hurudishwa kwenye magurudumu ya mbele, na sehemu nyingine hupelekwa kwenye magurudumu ya tela. Gari na tela husimama sawa, bila kuvunjika kiuno katikati.

Lakini kiungio hiki hakiongezi uwezo wa gari. Gari lililozidiwa litabaki limezidiwa, hata likionekana limesimama sawa. Aidha wako watengenezaji wa magari wanaokataza vyuma hivyo visitumike kwenye baadhi ya magari yao, kwa sababu fremu ya nyuma haikuundwa kuvihimili. Soma kitabu cha gari kabla ya kutoa fedha.

KUCHAGUA KIUNGIO

Baada ya kujua uzito wa tela, uzito wa shingo na hesabu ya mlangoni, uchaguzi wenyewe si mgumu.

Cha kwanza ni kiungio cha kawaida, yaani tufe la chuma lililofungwa juu ya mkono unaoingia katika tundu la mraba chini ya bampa. Hicho chafaa kwa tela dogo na jepesi: tela la mizigo, la mashua ndogo, au nyumba ndogo ya tela ya watu wawili, ikiwa gari ni zito kuliko tela na halibonyei sana.

Cha pili ni kiungio cha kugawa uzito. Nyumba ya tela ya familia, yenye kilo 2,000 na zaidi, ikivutwa na pikapu au gari kubwa la familia, aghalabu hukihitaji. Vitabu vya magari na vibao vya viungio hutaja kikomo ambacho kikishapitwa hapana budi kitumike.

Cha tatu ni kiungio cha kugawa uzito chenye kizuizi cha kuyumba ndani yake. Vyuma vyake husuguana na mabano ya shingo ya tela, na msuguano huo hulinyima tela uhuru wa kutikisa mkia. Kiko pia kizuizi cha pekee, kama fimbo inayofungwa pembeni mwa kiungio cha aina nyingine. Hicho kina masharti yake: aina nyingi zake lazima zifunguliwe kabla ya kurudi nyuma, la sivyo fimbo hupinda au kukatika.

Cha nne ni gurudumu la tano, yaani kiungio cha bamba la chuma kama cha malori ya matela. Hufungwa ndani ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Kwa kuwa mzigo haukai nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele hayanyanyuki na tela hutulia barabarani. Lakini nyumba za namna hii huilaza juu ya gari asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake. Hesabu ya mlangoni huwa kali zaidi hapo, na pikapu nyingi ndogo huanguka mtihani huo mapema. Gari la saluni au la familia haliwezi kabisa kukifunga.

Viungio vya Marekani vimepangwa kwa madaraja. Daraja la kwanza ni kwa matela yasiyozidi kilo 900 hivi, la pili kilo 1,600 hivi, la tatu aghalabu hadi kilo 3,600 hivi, la nne hadi kilo 4,500 hivi, na la tano ni kwa mizigo mizito zaidi. Ukiinama chini ya bampa utaona kibandiko chenye tarakimu mbili: moja ya kuvuta bila vyuma vya kugawa uzito, na nyingine, kubwa zaidi, ya kuvuta pamoja navyo. Watu husoma ile kubwa na kusahau sharti lake.

Ukumbuke pia kwamba daraja kubwa la kiungio halilifanyi gari dogo kuwa kubwa. Gari lina kikomo chake, tundu la mraba lina chake, mkono una wake, tufe lina chake, na kikombe cha tela kina chake. Katika hivyo vyote, kilicho na kikomo kidogo kuliko vingine ndicho kinachotawala.

TUFE NA KIKOMBE CHAKE

Tufe dogo la chuma limeleta misiba mikubwa. Huko Marekani matufe ya kawaida ni ya aina tatu: inchi 1 na 7/8, inchi 2, na inchi 2 na 5/16. Kikombe cha tela hupigwa muhuri wa kipimo cha tufe lake, na tufe nalo hupigwa muhuri juu yake. Mihuri hiyo lazima ilingane. Kikombe cha inchi 2 kikiwekwa juu ya tufe la inchi 1 na 7/8 kitafungika na kuonekana salama machoni, kisha kwenye tuta la kwanza kitaruka.

Huko Ulaya kipimo cha kawaida ni milimita 50, ambapo inchi 2 ni milimita 50.8. Tofauti hiyo ya chini ya milimita moja haionekani kwa macho, lakini hukifanya kikombe cha Kimarekani kucheza juu ya tufe la Kizungu. Jambo hili linawahusu hata wasomaji walio Afrika ya Mashariki, ambako magari na matela huletwa kutoka pande zote za dunia. Tazama muhuri, usitazame umbo.

Ukishafunga kikombe, usiridhike kwa mlio wa kitasa. Izungushe jeki ya shingo ya tela kana kwamba unataka kuinyanyua. Nyuma ya gari ikipanda pamoja na shingo, kikombe kimelishika tufe. Shingo ikipanda peke yake, umeokoka barabarani ukiwa bado uani.

Kimo nacho kina maana yake. Tela likishafungwa hupasa lilale sawa, au liiname mbele kidogo sana. Likiinua pua juu, mzigo hukimbilia nyuma na uzito wa shingo hupungua. Ndiyo sababu mikono ya viungio huuzwa ikiwa ya kupanda na ya kushuka: pima kimo cha tela na kimo cha tundu la gari, kisha nunua mkono unaozipatanisha tarakimu hizo mbili.

MINYORORO NA BREKI

Hata kiungio kizuri hupasa kuwa na mlinzi. Mlinzi wa kwanza ni minyororo miwili ya usalama. Ipishanishwe chini ya shingo, wa kushoto uende kulia na wa kulia uende kushoto, ili kikombe kikichomoka shingo idakwe kama kwenye machela, isijichome ardhini. Iwe na ulegevu wa kutosha kwa kupinda kona, lakini isiburure barabarani, maana chuma kinachoburura hutoa cheche na hulika.

Mlinzi wa pili ni breki za tela lenyewe. Majimbo mengi ya Marekani hulazimisha breki kwa tela linalozidi kilo 1,360, na kwa kweli kila nyumba ya tela ya familia inazihitaji. Breki hizo kwa kawaida ni za umeme, nazo huongozwa na kidhibiti kidogo kilichowekwa karibu na usukani. Kidhibiti hicho hupasa kurekebishwa kila mzigo unapobadilika: breki za tela zikiwa dhaifu, tela husukuma gari, zikiwa kali mno, magurudumu ya tela hujifunga na kuteleza.

Mlinzi wa tatu ni swichi ya dharura. Kijiwaya chake chembamba hufungwa kwenye gari, na tela likichomoka huvuta pini na kuziamuru breki za tela zishike kwa umeme wa betri iliyo ndani ya tela. Kijiwaya hicho kisifungwe kwenye minyororo wala kwenye tufe, kwa kuwa kiungio kizima kikichomoka na kuondoka na tela, pini haitavutwa.

MIZANI HAISEMI UWONGO

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na uzito nao ni mali ya kuandikwa. Katika barabara kuu za Marekani na Kanada, vituo vikubwa vya mafuta vinavyohudumia malori vina mizani ambayo hata gari la familia laweza kupimwa kwa ada ndogo.

Nenda ukiwa na mzigo kamili wa safari, tangi la mafuta limejaa, na familia yote imo garini. Pima mara tatu: gari peke yake, gari na tela bila kukaza vyuma vya kugawa uzito, kisha gari na tela vyuma vikiwa vimekazwa. Andika uzito wa kila ekseli. Uzito wa gari katika kipimo cha pili, ukitoa uzito wake katika kipimo cha kwanza, ndio uzito wa shingo. Kipimo cha pili kitakuonyesha pia ekseli ya mbele imepoteza kilo ngapi, na cha tatu kitakuonyesha ni ngapi zimerudi. Kitabu cha gari na cha kiungio ndivyo vitakavyosema kiasi gani kirudi; si kila gari linataka kirudi chote.

Asiye na mizani karibu aweza kuanza kwa futi kamba. Apime kimo kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi ulio juu ya gurudumu la mbele kabla ya kufunga tela, apime tena baada ya kulifunga, na mara ya tatu baada ya kukaza vyuma. Si kipimo kamili, lakini ni bora kuliko kukisia kwa jicho.

TELA LIKIANZA KUYUMBA

Hata aliyejipanga vizuri aweza kukutwa na upepo. Katika jimbo la Wyoming, barabara kuu namba 80 hufungwa mara kwa mara kwa magari mepesi yenye kimo kirefu, kwa sababu ya upepo wa ubavuni. Katika Colorado, barabara namba 70 hupita katika handaki la Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973 kwenye kimo cha meta 3,400 hivi, na baada yake huteremka kwa mteremko mrefu unaozichemsha breki za asiyebadili gia mapema.

Tela likianza kuyumba, mkono wa dereva hutaka kufanya mambo mawili: kukata usukani upande wa pili, na kukanyaga breki kwa nguvu. Yote mawili huongeza balaa. Shika usukani usawa, ondoa mguu kwenye mafuta, kisha kwa mkono sukuma kitufe cha kidhibiti ili breki za tela peke yake zishike kidogo kidogo. Tela litavuta nyuma na kujinyoosha. Baadaye simama mahali salama na utafute chanzo: mzigo uliohama nyuma, tairi lenye upepo mdogo, vyuma vilivyolegea, au mwendo wa haraka.

Mwendo hasa. Tela ambalo limetulia katika kilomita 85 kwa saa laweza kupoteza adabu katika kilomita 105. Jimbo la California halimruhusu mwenye kuvuta tela kuzidi maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi. Magari mapya yana mitambo ya kuhisi kuyumba na kufunga breki yenyewe, na mitambo hiyo imefaa, lakini haiwezi kuhamisha magunia yaliyopangwa vibaya. Vivyo hivyo kizuizi cha kuyumba ni cha kusaidia tela lililopakiwa sawasawa, si cha kuficha lililopakiwa ovyo.

HATA HUKU KWETU

Msomaji asiyetarajia kuiona Colorado asiyatupe makala haya. Pikapu inayovuta tangi la maji kutoka kisimani, tela la matofali, au mashua inayopelekwa ufukoni, zote zinatawaliwa na kanuni ile ile ya mkokoteni. Mzigo uwe juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Tufe na kikombe vilingane kwa muhuri, si kwa macho. Pini iwe na kufuli lake, si msumari uliopindwa. Minyororo iwepo, wala isiwe kamba ya katani. Na taa za nyuma za tela ziwake.

Kwa ndugu zetu walio Marekani na Kanada wanaotamani likizo ya nyumba ya tela, ushauri ni mmoja: msianzie kwa muuzaji wa tela, anzieni kwenye mlango wa gari lenu. Someni kibandiko, pimeni familia na mizigo, mjue ni kilo ngapi zimebaki kwa ajili ya shingo. Tarakimu hiyo ndiyo itakayowaambia tela gani linawafaa na kiungio gani kinalifaa tela hilo. Ikiwa ndogo, chukueni tela dogo. Watoto hawatakumbuka nyumba ilikuwa na urefu wa meta ngapi. Watakumbuka walikwenda, wakacheza, na wakarudi wote nyumbani salama.